Shajara ya Mradi: Stepa Yenye Enkoda Mahali pa Savo, Mashine ya Kufungasha Korosho, Mtwara

Juni, mwanzoni

Mashine tunayoishughulikia hufungasha korosho zilizokaangwa katika mifuko ya gramu 100, nayo iko katika kiwanda kidogo cha hapa Mtwara mjini kinachonunua korosho zilizobanguliwa, kuzikaanga, kuzitia chumvi na kuzipeleka madukani hadi Dar es Salaam. Ni mashine ya wima. Plastiki iliyochapishwa hutoka kwenye roli nyuma, hupita juu ya kola (shingo inayoikunja) na kulizunguka bomba, huunganishwa mgongoni kwa joto, kisha mikanda miwili ya mpira huikamata pande mbili za bomba na kuivuta chini kwa urefu wa mfuko mmoja, yaani milimita 160. Taya zenye joto hufunga, kisu hukata, na korosho za mfuko unaofuata hushuka.

Kazi ya kuvuta plastiki ilikuwa ya savo ya wati 750, yaani mota ambayo mwendo wake hupimwa na kurekebishwa muda wote, na draiva yake, kifaa kinachoipa mota umeme, iliungua umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo. Seti mpya ya savo ya aina ileile, ukiongeza gharama za usafirishaji, tuliambiwa bei inayozidi mara tatu ya stepa (mota inayozunguka kwa hatua ndogo zinazohesabika) yenye enkoda (kipimo cha mzunguko wa shafti) pamoja na draiva yake. Mwenye kiwanda anataka mashine iwe imetulia kabla ya Oktoba, minada ya korosho inapoanza na kila mtu mkoani hapa anapokosa muda wa kusubiri mzigo kutoka ng'ambo. Swali alilotukabidhi ni moja: je, stepa yenye enkoda inaweza kuchukua nafasi ya savo katika kazi hii bila kuharibu mifuko? Shajara hii inafuatilia jibu lake.

Juni, katikati

Kabla ya kuchagua mota tulitaka kujua mashine inadai nguvu kiasi gani, kwa sababu kusoma wati 750 kwenye kibandiko cha savo ya zamani hakutuelezi kitu. Watengenezaji wengi hufunga mota kubwa kuliko kazi ili mashine moja iuzwe kwa wateja wa aina nyingi.

Tulifungua mikanda, tukaipitisha plastiki kwenye kola na bomba kama inavyokaa kazini, tukaibana ncha yake kwa vipande viwili vya mbao na kuivuta kwa mizani ya ndoano, ile wanayotumia wauza samaki feri. Ikivutwa polepole kwa mwendo ule ule, mizani ilisoma kilo 4. Ikianza kwa mshtuko, mshale uligusa kilo 6. Kilo 6 ni sawa na Newton 59 hivi. Puli inayozungusha mikanda ina kipenyo cha milimita 60, kwa hiyo msokoto (nguvu ya kuzungusha) unaohitajika kwenye puli ni Newton-mita 1.8, na kwa kuwa mkanda wa meno kati ya mota na puli una uwiano wa 2 kwa 1, mota inadaiwa Newton-mita 0.9. Tumeizidisha mara mbili kwa ajili ya msuguano, inesha ya puli (ukaidi wake wa kuanza au kuacha kuzunguka), na siku ambayo roli la plastiki litakuwa jipya na zito, tukapata Newton-mita 1.8.

Kasi ni hesabu ya upande wa pili. Kiwanda kinataka mifuko 40 kwa dakika, yaani sekunde moja na nusu kwa kila mfuko, na katika muda huo kuvuta plastiki kumepewa nusu sekunde. Tukigawa nusu sekunde hiyo katika theluthi tatu, yaani kuongeza mwendo, kwenda sawasawa na kupunguza, kasi ya juu ya plastiki inafika milimita 480 kwa sekunde. Mzingo wa puli ni milimita 188.5, kwa hiyo mota itazunguka takriban mara 306 kwa dakika. Namba hiyo ilitupa moyo. Savo ya zamani ilikuwa imeundwa kufanya kazi kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, nayo kwa miaka yote hiyo ilikuwa ikitumia sehemu moja ya kumi tu ya uwezo wake wa kasi.

Juni, mwishoni

Inafaa kueleza hapa kwa nini namba 306 ina maana kubwa kuliko bei. Rota, yaani sehemu ya ndani inayozunguka, ya stepa ya kawaida ya digrii 1.8 kwa hatua ina meno 50, na kwa macho ya draiva meno hayo ni jozi 50 za ncha za sumaku. Kila shafti inapozunguka mara moja, mkondo ndani ya koili lazima upande na kushuka mara 50. Savo nyingi za ukubwa huu zina jozi 4 au 5 tu. Kwa hiyo savo yenye jozi 4 ikikimbia kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, mkondo wake hubadilika mara 200 kwa sekunde, ilhali stepa katika kasi hiyo hiyo ingelazimika kuubadilisha mara 2,500. Koili haikubali mkondo upande papo hapo, na shafti inayozunguka nayo huzalisha volti zinazopingana na zile za draiva. Kasi ikizidi, mkondo haupati nafasi ya kujaa na msokoto hunyauka. Katika mizunguko 306 kwa dakika tunazungumzia mabadiliko 255 kwa sekunde, eneo ambalo stepa bado ina nguvu zake nyingi.

Hapo ndipo wanunuzi wengi hupotoka, na ningependa mafundi wenzangu walizingatie: namba ya msokoto iliyoandikwa kwenye tangazo la stepa ni ile ya kushikilia, shafti ikiwa imesimama. Savo huandikiwa msokoto wa kufanyia kazi, na juu yake inaweza kutoa hadi kama mara tatu kwa muda mfupi ikibanwa. Stepa haina akiba hiyo, hata ukiifunga enkoda ya bei gani. Enkoda huiwezesha kutumia nguvu zake zote bila kupoteza mahali, lakini haimwongezei mtu nguvu ambazo sumaku na koili hazina. Kwa hiyo lazima mtu asome mchoro wa msokoto dhidi ya kasi, na ausome kwenye volti atakazotumia yeye.

Tumechagua stepa yenye uso wa milimita 57, msokoto wa kushikilia Newton-mita 3, enkoda ya mistari 1,000. Kwenye volti 36, mchoro wake unaonyesha kuwa katika mizunguko 300 kwa dakika inabakiwa na karibu Newton-mita 2, ambazo zinatosha hitaji letu la 1.8 lililokwisha kuongezewa usalama. Draiva yake inakubali volti 20 hadi 50, na kulikuwa na kishawishi cha kuweka 48 ili tupate kasi zaidi. Tumekataa, kwa sababu mota inapopunguza mwendo ghafla hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye draiva, na volti 2 za nafasi hazitoshi kuupokea.

Julai, mwanzoni

Mota imefika. Karakanani tulikuwa na stepa ya kawaida isiyo na enkoda, ya ukubwa huo huo, hivyo tuliamua kuzifunga zote mbili kwa zamu kwenye mashine ili tofauti ionekane kwa macho.

Tulianza na ile ya kawaida. Ilivuta vizuri, tena kimya, na mtu angeweza kuridhika akaifunga moja kwa moja. Kisha nikashika kipande cha mbao na kukikandamiza kwenye plastiki pale inapoingia kwenye kola, kama vile roli limekwama. Mota ilitoa mlio wa kukwaruza, plastiki ikasimama, lakini mapigo ya amri kutoka kwenye PLC, kompyuta ndogo inayoongoza mashine, yaliendelea hadi yakaisha, na taya zikafunga kwa wakati wake kana kwamba kila kitu kipo sawa. Kisu kikapita katikati ya picha ya mkorosho. Nilipoondoa mbao mashine iliendelea, na kila mfuko uliofuata ulikatwa pale pale pasipostahili, kwa sababu kosa la mara moja hubaki hadi mtu alione. Stepa ya aina hii inapopoteza mwendo haipotezi kidogo kidogo. Rota hunaswa tena kwenye jino linalofuata, hatua nne mbele au nyuma, yaani digrii 7.2. Kwenye mashine yetu kila jino linaloruka ni karibu milimita 1.9 za plastiki.

Tukafunga ile yenye enkoda na kurudia jaribio. Safari hii plastiki ilipozuiwa, nilihisi mbao ikivutwa kwa nguvu iliyokuwa ikiongezeka mkononi: draiva ilikuwa inasoma enkoda, ikiona shafti imebaki nyuma ya amri, na kuongeza mkondo. Nilipolegeza kidogo, shafti ilifidia pengo lote kabla taya hazijashuka na mfuko ukatoka sawa. Nilipokaza kabisa, mota ilijitahidi kwa kitambo kifupi, kisha taa nyekundu ya draiva ikawaka na shafti ikalegea.

Taa ikawaka, lakini taya zikafunga vilevile. Draiva ilikuwa imetoa taarifa ya hitilafu kwenye waya wake wa alamu, na waya huo ulikuwa bado haujaunganishwa popote. Nimeandika kwa wino mwekundu kwenye mchoro wa umeme kwamba waya wa alamu uende kwenye PLC kabla ya jambo jingine lolote, kwa kuwa fedha ya ziada inayolipwa kwa enkoda inanunua hasa taarifa hiyo. Nimeona mashine zilizofungwa stepa zenye enkoda ambazo waya wa alamu umekatwa na kuzungushiwa tepu, na mashine hizo hazina tofauti yoyote ya maana na zile za stepa ya kawaida.

Julai, katikati

Kazi ya nyaya. PLC iliyopo ilikuwa ikiiamuru savo kwa mapigo na mwelekeo, na stepa mpya inaelewa lugha hiyo hiyo, kwa hiyo hatukununua kidhibiti kingine. Draiva tumeiweka kwenye mapigo 4,000 kwa mzunguko ili yalingane na enkoda, ambayo mistari yake 1,000 husomwa mara nne. Milimita 160 za mfuko zinakuwa takriban mapigo 6,790, na katika kasi ya juu PLC inatoa mapigo 20,000 na kidogo kwa sekunde. Towe (njia za kutolea ishara) za transista zinaliweza hilo bila taabu. Mwenye PLC ya towe za relei, yaani swichi zinazobofya, asijaribu kabisa. Ishara za PLC ni za volti 24 na milango ya draiva yetu ni ya volti 5, hivyo kila waya wa ishara umewekewa rezista ya kilo-omu 2.

Kisha ikaja shida iliyotuchukua muda mwingi kuliko nyingine zote. Mashine ikiwa tupu ilikwenda vizuri, lakini hita za taya zilipowashwa, draiva ilianza kutoa alamu bila mzigo wowote, mara nyingine baada ya mifuko michache, mara nyingine baada ya robo saa. Tulifungua mfereji wa nyaya nyuma ya mashine na kukuta nyaya za hita, za inveta (kidhibiti kasi) ya konveya na kebo ya savo ya zamani zimelazwa pamoja urefu wote wa fremu. Kontakta (swichi kubwa ya umeme) ya hita ilipobofya, kelele ya umeme iliruka kwenye kebo ya enkoda na draiva ikahesabu mapigo ambayo shafti haikuyafanya. Kebo ya enkoda sasa inapita upande wake, inakatiza nyaya za nguvu kwa pembe mraba pale inapolazimika, na ngao yake imefungwa kwenye ethi upande wa draiva pekee. Kwenye koili ya kontakta tumeweka kizuia cheche. Alamu za uongo zimekoma.

Julai, mwishoni

Leo tulishughulikia kiwango cha kosa kinachoruhusiwa, yaani umbali ambao shafti inaweza kubaki nyuma ya amri kabla draiva haijapiga alamu. Draiva ilitoka kiwandani ikiwa imewekwa 1,000. Kwenye karatasi namba hiyo inaonekana ya kawaida, lakini kwenye mashine hii mapigo 1,000 ya enkoda ni karibu milimita 24 za plastiki, na mfuko uliokosea kwa milimita 24 umekatwa jina. Tumeishusha hadi 150, ambayo ni milimita 3.5. Chini ya hapo draiva ililalamika kila mara mota ilipoanza mwendo, maana kubaki nyuma kidogo wakati wa mchapuko ni kawaida yake.

Programu ya PLC nayo imebadilishwa. Alamu ikitokea, taya hazishuki, korosho hazidondoshwi, na mashine ikiwashwa tena hutoa mfuko mmoja mtupu kwa ajili ya kutafuta upya alama nyeusi ya pembezoni mwa plastiki, kwa kuwa shafti iliyolegea imepoteza mahali pake. Kitufe cha dharura kinakata umeme wa draiva wenyewe. Hatukutegemea waya wa kuiruhusu draiva, ambao ni ishara tu.

Agosti, mwanzoni

Mama anayeendesha mashine alitusimamisha mlangoni asubuhi, akiwa na mifuko mitatu mkononi. "Fundi, alamu haijalia hata mara moja tangu jana, lakini tazama hapa jina linavyoshuka."

Alikuwa sahihi. Aliipanga mifuko mezani kwa mfuatano, na maandishi yalikuwa yameshuka kwa upana wa ukucha kutoka wa kwanza hadi wa tatu. Enkoda haikuwa na kosa lolote, kwani shafti ilikuwa imegeuka sawasawa na ilivyoamriwa. Mikanda ya mpira ndiyo ilikuwa ikiteleza kwenye plastiki. Alfajiri hiyo unyevu ulikuwa mwingi, bomba lilikuwa na vumbi laini la chumvi na mafuta ya korosho, na mpira ulikuwa umeanza kung'aa.

Huu ndio mpaka wa stepa yenye enkoda, na savo ya bei yoyote ina mpaka huo huo: enkoda iliyo nyuma ya mota huona shafti ya mota, haioni plastiki. Kila kilicho baada ya shafti, yaani mkanda wa meno uliolegea, puli isiyobanwa, mpira uliochakaa, kiko nje ya macho yake. Kwenye mashine hii jicho la pili lipo tayari, nalo ni sensa inayosoma alama nyeusi, lakini programu ya zamani iliitumia kwa ajili ya kuanzia tu. Sasa kila mfuko unavutwa hadi sensa ione alama, kisha unaongezwa umbali maalumu kabla ya kusimama. PLC inalinganisha pia mapigo yaliyotumika na yale 6,790. Tofauti ikikua mfuko baada ya mfuko, taa ya njano inawaka kumwambia mwendeshaji asafishe bomba na mikanda. Taa hiyo imekuwa na manufaa makubwa kuliko tulivyotarajia, na mama huyo sasa hulifuta bomba kabla haijawaka.

Agosti, katikati

Mashine imefanya kazi zamu nzima kwa mifuko 40 kwa dakika. Mota ilikuwa na joto ambalo kiganja kinalivumilia bila kuondolewa. Ile ya kawaida, katika majaribio ya Julai, ilikuwa haishikiki baada ya saa moja, kwa sababu draiva yake iliipa karibu mkondo wake wote hata iliposimama kungoja taya. Draiva inayosoma enkoda huutoa mkondo kadiri mzigo unavyodai, na mota hii inasimama theluthi mbili ya kila mzunguko wa kazi.

Jambo jingine lililotupendeza ni utulivu wake ikisimama. Savo huendelea kujirekebisha kwa mitetemo midogo mbele na nyuma ya shabaha yake, hasa ikiwa haijarekebishwa vizuri. Stepa hushikwa na meno yake na kutulia tuli, jambo linalofaa sana pale taya zinapobana plastiki ya moto.

Viunganishi vya kebo tumevipaka grisi ya umeme na kuvielekeza chini. Kiwanda hiki hakiko mbali na bahari, na upepo wa kusi wa miezi hii hauachi shaba wazi ikae muda mrefu bila kugeuka kijani.

Septemba

Mwenye kiwanda ameridhika, na ameuliza kama stepa ya namna hii inaweza pia kufungwa kwenye mashine yake ya unga wa muhogo, ambayo parafujo yake ya kupimia unga inaendeshwa na savo inayozeeka. Tulikwenda kuipima. Parafujo hiyo imefungwa moja kwa moja kwenye mota, inafika mizunguko 1,200 kwa dakika na kusimama ghafla, na kipimo cha unga kinategemea kusimama huko. Kwa kasi hiyo koili za stepa zingebadilishiwa mkondo mara 1,000 kwa sekunde. Mota tuliyoitumia kwenye korosho ingebaki na sehemu ndogo ya msokoto wake, na unga ukishindiliwa kwenye faneli hakuna akiba ya kuukabili. Tungeweza kuchukua stepa ya uso wa milimita 86 na draiva ya volti za juu, lakini bei yake inaikaribia ile ya savo ndogo, na rota yake nzito ingekula nguvu nyingi katika kuanza na kusimama tu. Tumeshauri savo ibaki, ibadilishwe beringi, na iwekewe kinga dhidi ya umeme unaorudi kwa kishindo.

Kwa mashine ya korosho kimebaki kuagiza draiva moja ya akiba. Mipangilio yote, yaani mapigo 4,000, kosa la 150, volti 36 na mkondo wa juu, imeandikwa kwenye karatasi iliyopakwa plastiki na kubandikwa ndani ya mlango wa kabati la umeme, ili fundi yeyote atakayeitwa katikati ya msimu aweze kuifunga bila kumtafuta aliyeifunga kwanza.